Aliyemwita Heili

Huyu bwana jina lake kamili ni Heriel Mushi, mtu wa Machame, Mlutheri, muuza mapazia pale Arusha. Lakini kule Guangzhou, China, anakonunulia mali, nani alikuwa anamwita Heriel? Watanzania wenzake walimwita Mangi, kwa sababu ni Mchaga, na Mchaga akishakuwa na duka basi ni Mangi, apende asipende. Mkewe Bibiana alimwita Baba Adrian. Wakenya walimwita TZ. Wauzaji wa sokoni walimwita pengyou, yaani rafiki, na hilo wanamwita kila anayepita na pochi. Jina la Heri, lile alilopewa na mama yake mzazi na kuitwa nalo mpaka mama alipofukiwa, lilibaki kinywani mwa mtu mmoja tu katika mji mzima ule, na mtu huyo alikuwa mama wa Kichina anayeuza vitambaa vya mapazia kule Zhongda.

Na hata yeye hakuwa analipatia. Siku ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita, alimwuliza jina kwa kumnyooshea kidole kifuani. Heriel akajibu, “Heri.” Mama akajaribu mara tatu, ulimi ukagoma kwenye ile herufi r, akatoka na kitu chake: Heili. Heriel akacheka, akaitika. Biashara ikaanza.

Sauti ya mama yule, jamani! Zhongda ni vichochoro vimejaa magari ya miguu mitatu ya umeme, sisi tungeyaita maguta, yamebebeshwa majora ya vitambaa mpaka dereva haonekani, na yanakuja bila mlio wowote. Huku madukani kila muuzaji anabweka pengyou, pengyou, kutwa nzima. Masikio yanaziba. Lakini likitoka “Heili!” kwenye duka la mwisho, Heriel aligeuka hata kama yuko kwenye simu. Mara mbili mwito huo ulimtoa njiani guta likimjia mgongoni. Mara ya pili upepo wake ulimpitia kwenye suruali, akasimama ukutani, mama akamletea chai ya kikombe kidogo kama kifuniko cha chupa.

Sasa, hei kwa Kichina ni nyeusi. Heriel aliligundua hilo mwaka wa pili na likamsumbua kidogo. Ananiita jina langu huyu, au ananiita Mweusi? Akamwuliza kwa ishara. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akaligusa jora jeusi akasema hei, akatikisa kichwa hapana hapana, akamgusa Heriel bega akasema, “Heili.” Yakaisha. Naapa yaliisha hapo, na yangebaki yameisha kama si Joachim.

Joachim si mtu mbaya, nisimsingizie. Alitoka Mwanza kununua viatu, alikuwa na miezi minne mjini. Siku moja barabara ya Dengfeng, mchana kweupe, mpagazi mmoja alimgonga kisigino na toroli. Joachim akalalamika. Yule mtu badala ya kuomba radhi akamwambia heigui, akatema mate chini. Heigui ni jini jeusi, na hilo halina tafsiri ya pili, ni tusi kavu. Joachim akamtandika ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye maboksi. Kabla hajavuta mkono wa pili, wapagazi watatu walikuwa juu yake, na mmoja alikuwa na chuma cha toroli. Kilimpata mdomoni. Walipomwacha, Joachim aliinama, akaokota jino lake la mbele, akalipangusa kwenye shati na kulitia mfukoni. La pili hakuliona. Tangu siku hiyo, katika Kichina chote, sauti moja tu ndiyo aliyokuwa anaisikia vizuri: hei.

Wiki mbili baadaye Joachim akataka vitambaa vya bitana kwa ajili ya dada yake. Heriel, kwa moyo mzuri, akampeleka Zhongda kwa mama yake wa mapazia. Alikuwepo na Abednego, mtu wa Bukoba, ambaye simu haitoki mkononi, anarekodi hata sahani ya wali. Wakaingia uchochoroni. Mama akawaona kwa mbali, akafurahi, akapaza sauti kama kawaida yake.

“Heili! Heili!”

Joachim akasimama kama aliyepigwa shoti.

“Mangi. Huyu mama anakuita nini?”

“Ananiita mimi. Twende.”

“Nimesikia hei. Hei si mweusi? Anakuita Mweusi na wewe unakwenda?”

Hapa ndipo Heriel alipokosea, na mimi nikikumbuka hasira zinanipanda. Alitakiwa kusema maneno manne tu: hilo ni jina langu. Lakini alimwona Abednego ameshainua simu, akaliona na lile pengo la Joachim bado lina kidonda, akaona haya kumfanya mtu wa watu mjinga mbele ya kamera. Akachukua njia ya mkato. Akacheka, akapunga mkono, akasema:

“Achana naye, bwana. Kashazoea.”

Kashazoea! Yeye alikuwa na maana kwamba mama amezoea kumwita hivyo toka zamani. Lakini likate hilo neno, litie kwenye video ya sekunde kumi na tisa, halafu lisikilize. Mama wa Kichina amezoea kumtukana Mwafrika, na Mwafrika mwenyewe anakiri huku anacheka.

Joachim hakungoja zaidi. Aliingia dukani, akanyakua ile rula ya chuma ya kupimia, akaishusha kwenye meza ya kioo. Meza ikapasuka, vikombe vikaruka. “Mwite tena!” akafoka. “Mwite tena hivyo nikuone!”

Mama hakujua neno hata moja la Kiswahili. Kipande cha kioo kilikuwa kimemkata kiganja, damu inamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alimtazama mtu mmoja tu aliyemfahamu pale, akasema polepole, anaomba msaada:

“Heili?”

Rula ikapiga ukuta shubiri moja kutoka sikioni mwake. Heriel akamkumbatia Joachim kwa nyuma, akamvuta nje. Abednego alikuwa amepata yote.

Mpaka saa kumi za jioni video ilikuwa imezunguka dunia. Wachina wenyewe kwa wenyewe waligawanyika. Wapo waliosema mama yule ni aibu ya nchi na aombe radhi hadharani, wapo waliosema weusi warudi kwao, na wapo walioandika tusi lenyewe bila kupepesa macho. Waliokuwa na maduka wakaanza kuogopa vinywa vyao: msichana wa vifungo aliacha kabisa kuwaongelesha Waafrika, akawa anawanyooshea kikokotoo tu. Upande wetu, kundi la simu la Watanzania liliwaka. “Mangi umetuaibisha.” “Miaka kumi na moja unaitwa Mweusi na unaitika?” “Huo ni utumwa, mwanaume.” Mmoja, Mungu anamwona, alimwita Heriel kibaraka kwenye mstari huohuo aliomwita Mangi wa Kichaga mpenda hela.

Heriel akaandika: Jamani, ni jina langu. Akalitazama. Joachim alikuwa ameshakuwa shujaa, picha ya pengo lake imewekwa kila mahali. Kusema ukweli ni kumwambia mtu aliyevunjwa meno kwamba amedanganya dunia. Heriel akafuta. Jumatano akaandika tena, akafuta. Alhamisi akaandika, akaweka na nukta, akafuta. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, anaogopa kubonyeza kitufe!

Mama yule alikuwa na binti, Meiyun, anayesoma chuo kikuu na kukijua Kiingereza. Alimwandikia Heriel kila asubuhi. Anko, sema neno moja tu, sisi tukisema ni jina lako hawatuamini, watu wanamtisha mama. Anko, tafadhali. Heriel alisoma na hakujibu. Meiyun akaona hapana njia nyingine, akamwandikia mama yake karatasi ya kuomba radhi, akamrekodi akiisoma. Mama aliomba radhi kwa tusi ambalo hakulitoa, mkono umefungwa bandeji, macho yako kwenye karatasi. Halafu binti akampiga marufuku neno hei moja kwa moja. Hata jora jeusi asilitaje, alioneshe kwa kidole. Na wageni wote, bila kubagua, awaite pengyou.

Radhi haikusaidia. Ijumaa, watu wanne ambao hakuna aliyewajua, wenye barakoa usoni, waliingia pale dukani saa tano asubuhi. Waliangusha rafu zote za majora. Walichana vitabu vya sampuli. Mama aliposimama mlangoni na mikono imeinuliwa, mmoja alichukua bomba la chuma la kuning'inizia pazia, akampiga nalo kwenye paji la uso. Ngozi ilifunguka mpaka mfupa ukaonekana. Alikaa chini katikati ya vitambaa vyeupe vya neti, na neti ikaanza kubadilika rangi. Mwingine akampiga teke la ubavu kabla ya kutoka. Heriel aliyaona hayo kwenye simu, kitandani kwake.

Jumamosi ikawa zamu ya upande wa pili. Wapagazi wa uchochoro ule walimkamata Abednego, yule wa simu, wakamburuta nyuma ya ghala. Hakuna rangi aliyoacha kuiona siku hiyo. Walimpiga kwa mikanda ya kufungia mizigo, wakamkanyaga mkono aliokuwa anarekodia mpaka ukavunjika mara mbili, wakaiweka simu juu ya kifua chake na kuivunjia hapohapo kwa nyundo. Mbavu mbili zilikwenda na simu.

Bibiana alipiga kutoka Arusha akiwa na hasira ambazo zilisikika kabla hajaongea.

“Baba Adrian, wewe unaitwa nani?”

“Mama Adrian, na wewe usinianze.”

“Nimekuuliza, unaitwa nani? Jina lako.”

“Si Heriel?”

“Mama yako alikuwa anakuitaje?”

Heriel akajibu, “Heri.”

“Basi nenda kawaambie hivyohivyo. Watu wanapasuliwa vichwa kwa sababu umeshindwa kutaja jina lako? Mtu mzima hovyo!” Akakata simu.

Jumatatu asubuhi Heriel alioga, akavaa shati la kanisani, akapanda treni ya chini ya ardhi mpaka Zhongda. Mwanzo wa uchochoro alisimama, akasubiri kuitwa. Mlangoni mwa duka la mwisho alimwona mama, kichwa kimefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi, na mama alimwona. Haikutoka sauti. Alipofika, mama aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayejibu askari:

“Pengyou.”

Lilimchoma, nawaambieni. Afadhali angemzaba kibao. “Heili,” Heriel akasema, akijigonga kifua. “Mimi. Heili.” Mama akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, macho yakajaa machozi. Akasogeza kigoda ili mteja akae, kama anavyomfanyia mtu asiyemjua.

Heriel hakukaa. Akatoa simu, akamwonesha kwa mkono: nasema, leo, hapa, sasa hivi. Akatoka nje, akasimama katikati ya uchochoro ili duka na mama vionekane nyuma yake, akanyoosha mkono na kuwasha kamera. Asubuhi ile soko lilikuwa limechangamka. Pengyou, huku. Pengyou, angalia. Pengyou, bei nzuri. Heriel akakohoa, akarekebisha kola.

“Jamani, habari zenu. Mimi mnaniita Mangi. Nataka kusema kitu kuhusu ile video. Nimekosa mimi, si huyu mama.”

Guta lilikuwa linashuka kutoka kwenye mteremko wa ghala, limebeba majora ya vitambaa vizito vya makochi, mzigo umepanda kuliko kimo cha mtu. Breki zilikuwa zimekatika. Dereva alikuwa amesharuka. Mama aliliona. Alipaza sauti kwa nguvu zote za kifua kilichopigwa teke.

“Pengyou! Pengyou!”

Heriel aliisikia. Baadaye alisema aliisikia vizuri kabisa, na hata haikumpitia akilini kwamba anaitwa yeye. Uchochoro mzima ulikuwa unaita pengyou. Hakugeuka, wala mtu yeyote hakugeuka.

“Pengyou!”

“Kwa hiyo nawaambieni,” Heriel akaendelea kwenye simu, “jina langu mimi ni...”

“Heili!”

Akageuka. Kama anavyogeuka siku zote, mara moja, mwili mzima. Aliona gurudumu la mbele, akaruka, na mguu wa kulia ukabaki nyuma.

Chuma kilimbana kwenye nguzo ya saruji chini ya goti. Alisikia mfupa wake ukivunjika, sauti ndogo tu, kavu. Kisha majora yakamwangukia mgongoni moja baada ya jingine. Alipiga ukelele uliowanyamazisha wauzaji wa pengyou uchochoro mzima. Damu ilikuja kwa kasi, ikapita chini ya guta, ikaingia mfereji wa maji. Mama alitupa majora pembeni kwa mikono yake miwili, kile kiganja chenye mshono kikafunguka tena, akapiga magoti kwenye damu ile, akararua neti kwa meno, akamfunga paja na kukaza kwa rula ya chuma, ileile. Bandeji ilikuwa imemtoka kichwani. Na wakati wote huo alikuwa anaita bila kuogopa mtu, mpaka sauti ikapasuka: Heili, Heili, Heili.

Simu ilikuwa imeangukia kwenye kitambaa, kioo kimeelekea juu, inaendelea kurekodi.

Mguu haukupona. Walimkata juu kidogo ya goti, jioni ileile. Meiyun ndiye aliyeitoa video ile, na hakuongeza maelezo. Nani angehitaji maelezo? Mtu anasema jina langu mimi ni, na mama nyuma yake anamalizia. Kwenye kundi la Watanzania mtu akaandika: Pole, Heriel. Miaka kumi na moja, hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kumwita hivyo.

Siku ya nne alikuja askari hospitalini kuandika maelezo, na mkalimani akiwa naye. Joachim alikuwepo, amesimama mlangoni na mfuko wa machungwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukutani, mikono mapajani. Askari akauliza aliyekufunga mguu ni nani. Heriel akamwonesha mama.

“Jina lake?”

Heriel akapapasa chini ya mto. Akachukua simu, akatafuta namba, na mkalimani akainama kusoma kilichoandikwa pale toka miaka kumi na moja iliyopita: Mchina Mapazia.

Hakuna aliyecheka. Heriel alihisi aibu ambayo ilimuuma kuliko kisiki cha mguu, na kisiki kilikuwa kinamuuma hasa. Akamgeukia mama, akamnyooshea kidole kifuani, kama yeye alivyonyooshewa siku ile ya kwanza.

“Qiuxia,” mama akasema.

Heriel akajaribu. Ulimi ukagoma. Akajaribu tena, kwa bidii yote, na kilichotoka mdomoni mwake kikawa Kiswahili kitupu, neno letu la kitu cha kutia kinyaa.

“Chusha,” akasema.

Joachim akaangalia sakafu. Heriel alilisikia alilolisema, uso ukamshuka, akataka kulirudisha.

Mama akainuka haraka kutoka kwenye kiti, akasogea kitandani, akaitika.